Urejeleaji na nukuu: nini hasa kinachotakiwa katika tasnifu

Urejeleaji ni kumwonyesha msomaji ulikotoa hoja, takwimu au maneno ambayo si yako, kwa namna itakayomwezesha kufika palepale yeye mwenyewe. Nukuu ni sehemu tu ya kazi hiyo: ni maneno ya mtu mwingine yaliyohamishwa kama yalivyo na kuwekewa alama za kunukuu. Wanafunzi wengi huvichukulia hivi viwili kuwa kitu kimoja, wakaamini kwamba pasipo na alama za kunukuu hapahitaji rejeleo. Si kweli. Ukieleza hoja ya mtu kwa maneno yako, maneno ni yako lakini hoja bado ni yake, na usipomtaja huo ni wizi wa kitaaluma hata kama hukunakili sentensi yake hata moja.

Rejeleo huwa na sehemu mbili. Ndani ya matini unataja kwa ufupi, kwa kawaida jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Mwishoni, kwenye orodha ya marejeo, unatoa taarifa kamili za kazi hiyo. Katika maandishi ya Kiswahili tunaandika "uk." kwa ukurasa mmoja, "kur." kwa kurasa nyingi, na "na wenzake" pale waandishi wanapokuwa wengi. Katika mtindo wa APA (wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, waandishi wakiwa watatu au zaidi unataja wa kwanza pekee na kuongeza "na wenzake" tangu mara ya kwanza. MLA, mtindo unaotumika sana katika lugha na fasihi, hutaja jina na ukurasa bila mwaka, na mtindo wa Chicago unaruhusu ama tanbihi (maelezo ya chini ya ukurasa) ama jina na mwaka. Fuata mtindo unaotakiwa na idara au jarida lako, na usiuchanganye na mwingine ndani ya kazi moja.

Tuchukue mfano halisi. Ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema: "Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria." Sheria hutajwa kwa ibara, si kwa ukurasa, kwa kuwa kurasa hubadilika kila zinapopigwa chapa upya. Lakini ibara peke yake haitoshi. Sura ya haki za binadamu haikuwemo Katiba ilipopitishwa mwaka 1977; iliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984. Anayerejelea "Katiba ya 1977" bila kusema ni toleo lipi alilosoma anaweza kumpeleka msomaji kwenye chapisho lisilo na ibara hiyo kabisa.

Sasa tuseme mwanafunzi anaandika kwamba kwa mujibu wa Ibara ya 14 ya Katiba, "kila mtu anayo haki ya kuishi". Alama zipo, ibara imetajwa, na hakuna neno lililobadilishwa. Hata kanuni ya nukta tatu hajaivunja, maana nukta hizo huonyesha maneno yaliyorukwa katikati, na mwishoni mwa nukuu kwa kawaida hazihitajiki. Hata hivyo ameacha "kwa mujibu wa sheria", maneno yanayoiwekea haki hiyo mpaka. Kama mada yake ni adhabu ya kifo, kile alichokiacha ndicho kiini cha ubishi wenyewe. Kwangu mimi hili ni kosa zito kuliko koma iliyokosewa kwenye marejeo, na ndilo ninalotamani wasimamizi walikazanie zaidi.

Nukuu fupi hukaa ndani ya sentensi yako, na katika APA nukta ya mwisho huja baada ya mabano ya rejeleo. Ikifika maneno 40 au zaidi, ianzishe kwenye mstari wake, iingize ndani yote kutoka pambizo la kushoto, uondoe alama za kunukuu. Hapo rejeleo hufuata baada ya nukta. Ukiongeza neno lako ndani ya nukuu ili ieleweke, liweke kwenye mabano ya mraba.

Ushairi una taratibu zake. Katika MLA, mishororo isiyozidi mitatu inaweza kukaa ndani ya sentensi ikitenganishwa kwa mkwaju (/). Ubeti wa tarbia, wenye mishororo minne, lazima utengwe na upangwe kama ulivyo. Usisahihishe tahajia ya mshairi. Akiandika "'mekuja" nawe ukaweka "amekuja", umemwongezea mizani (silabi) moja na kuharibu mshororo ambao yeye aliupima kwa makini.

Jambo jingine linalotuhusu sana sisi tunaoandika kwa Kiswahili huku tukisoma vitabu vya Kiingereza: ukitafsiri mwenyewe maneno ya mwandishi, APA huihesabu tafsiri hiyo kuwa maelezo kwa maneno yako, si nukuu. Kwa hiyo huweki alama za kunukuu, ila rejeleo linabaki palepale. Baadhi ya idara hukubali tafsiri iwekwe kama nukuu mradi uandike "tafsiri yangu" kwenye mabano. Muulize msimamizi mapema, si wiki ya kuwasilisha.

Na kazi ambayo hukuisoma usiiingize kwenye marejeo. Kama hoja ya mtaalamu mmoja umeikuta ndani ya kitabu cha mwingine, mtaje wa kwanza kisha uandike "kama anavyonukuliwa na" huyo wa pili, na kwenye marejeo aingie yule uliyemsoma tu. Likiwezekana, tafuta chapisho la asili ukalisome. Mara nyingi utakuta hoja yenyewe ina sharti au mfano ambao aliyenukuu aliuacha.