Incienso sio ubani, jamani

Hii naiona kila siku. Mtu akishajua kwamba Kihispania kina maneno kibao ya Kiarabu, mfano azúcar ambayo ni sukari yetu hiihii, basi anaamua na incienso, neno lao la uvumba, nayo ni ya Waarabu, si uvumba ulikuwa unatoka kwao? Hapana. Incienso ni Kilatini kitupu, incensum, yaani kitu kilichochomwa, imetoka kwenye incendere, kuwasha moto, na ndugu zake wapo hadi leo: encender ni kuwasha, incendio ni ule moto unaounguza nyumba. Neno halitaji mti wala harufu, linataja moto basi.

La Kiarabu lipo ila ni lingine, olíbano, yaani ubani wenyewe, na hapa ndo watu wanapotea kabisa, eti ni oleum Libani, mafuta ya Lebanoni. Kwanza sio mafuta ni utomvu, pili miti yenyewe iko Dhofar kule Oman, iko Yemen na Somalia, sio Lebanoni. Olíbano ni al-luban, mzizi wake ni weupe, uleule wa laban yaani maziwa, na anayekwangua gome la ule mti anaona kwa nini, maana linachuruzika tone jeupe kama maziwa alafu linaganda taratibu mpaka linakuwa ile punje tunayoitupia kwenye chetezo. Na sisi tulichukua neno hilohilo! Luban, ubani. Kwa hiyo ndugu wa ubani kwa damu ni olíbano, incienso wala hawajuani.

Ndo mana kutafsiri incienso kuwa ubani kila mahali sio sawa. Kwenye zawadi za mamajusi, oro, incienso y mirra, sawa, pale ni utomvu wenyewe, ila vile vijiti vya Kihindi vinavyouzwa Madrid navyo ni incienso, na udi ukichomwa pia ni incienso. Uvumba linakaa vizuri zaidi. Ukienda Argentina vijiti hivyo wengi wanaviita sahumerio, humo ndani kuna fumus, moshi wa Kilatini.

Alafu kuna benjuí, utomvu wa Sumatra, ambao wengi hawaujui kabisa. Waarabu waliuita luban jawi, ubani wa Java, maana Sumatra nayo waliiita Jawa, Wazungu wakaona lile lu la mwanzo ni kineno chao tu cha mbele ya jina, kama lo, wakalikata, ikabaki banjawi, mpaka ikawa benjuí. Sisi tulidondosha l, wao wakadondosha lu nzima.