Ini la kupandikizwa "likizoea", dawa zinaachwa?

Kwenye magrupu ya Mwanza, Kirumba hadi Nyegezi, unazunguka ujumbe kwamba aliyepandikizwa ini akimaliza mwaka aache dawa za kuzuia mwili usilikatae, maana "ini limeshazoea". Ni ukweli nusu. Ini lina seli za nyota, zile zinazohifadhi vitamini A. Zikichochewa huonyesha protini ya PD-L1, inayoweza kuziua seli T, yaani chembe za kinga zinazolishambulia ini. Hiyo ni sababu mojawapo ya ini kuvumiliwa kuliko figo. Kwa wengi, hata hivyo, ulinzi huo hautoshi. Wachache walioacha dawa walipunguziwa taratibu huku wakipimwa. Mwili huweza kuanza kulikataa ini bila maumivu yoyote. Vipimo ndivyo vinavyoonyesha: ALT (kimeng'enya kinachopanda ini likiumia), bilirubini (rangi ya njano ya nyongo), na kiwango cha takrolimasi (mojawapo ya dawa hizo), damu ya kipimo hicho ikitolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Ukisubiri macho ya njano, huenda umechelewa. Ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze.