Kuitwa kambini si kuingia kikosini: maana ya kikosi cha taifa cha raga

Simu ilimpata mpwa wangu Jumanne jioni akiwa kwa kinyozi mtaani Umoja. Aliyepiga hakuwa na maneno mengi: kesho saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa RFUEA, Ngong Road, njoo na viatu na maji yako. Kijana akanipigia papo hapo. "Mjomba, nimeitwa!" Kufikia saa tatu usiku dada yangu alikuwa ameshachinja kuku, majirani wa ploti nzima wamejaa sebuleni, na mzee mmoja ameshamwombea safari njema ya ng'ambo. Wiki tano baadaye timu ilipanda ndege bila yeye. Wale wale waliokula kuku wakaanza kuulizana amefanya kosa gani.

Hakufanya kosa lolote. Shida iko kwenye neno lenyewe. Sisi hapa Nairobi tunasema "timu ya taifa" tukimaanisha mambo matatu au manne yasiyofanana, na anayeumia kwa kuchanganya huko ni kijana aliyetoka jasho.

Kikosi cha taifa, kwa maana yake kamili, ni orodha ya wachezaji ambao chama cha raga cha nchi kimewasajili kwa ajili ya mashindano fulani, kwa idadi iliyowekwa na mashindano hayo. Hao tu ndio wenye ruhusa ya kuvaa jezi ya nchi hapo. Mashindano yakiisha, kikosi nacho kimekwisha. Yajayo yana orodha yake. Hata mchezaji mwenye mkataba na chama hana nafasi ya kudumu kikosini. Ana nafasi ya kuifanyia kazi.

Kabla ya orodha hiyo kuna ngazi. Ya chini ni kundi la mazoezi: kocha anaita vijana wengi kuliko anaowahitaji, wengine kwa siku chache tu, awaone kwa karibu. Hapo ndipo mpwa wangu alipokuwa. Ngazi ya pili ni kikosi cha muda, ambapo majina yamepunguzwa na kila aliyebaki anawaniwa nafasi yake na mtu mmoja au wawili. Ya tatu ni kikosi cha mwisho, kile ambacho Chama cha Raga Kenya, KRU, hutangaza siku chache kabla ya safari. Na hata ndani ya kikosi cha mwisho bado kuna kikosi cha siku ya mechi, kwa sababu katika raga ya wachezaji 15 si kila aliyesafiri anavaa jezi kila Jumamosi.

Mtu akikwambia "nimeitwa", muulize ni ngazi gani. Swali hilo si la dharau. Linampunguzia mzigo wa ahadi ambazo hajazitoa yeye.

Majina hutoka wapi? Kwa Shujaa, timu yetu ya wachezaji saba, macho ya makocha huwa kwenye mzunguko wa mashindano ya nyumbani: Christie hapa Nairobi, Prinsloo kule Nakuru, Driftwood Mombasa, Dala Kisumu. Kwa Simbas, timu ya wachezaji 15, ni ligi ya Kenya Cup, ambako Kabras ya Kakamega na KCB ya Ruaraka zimekuwa zikitunishiana misuli kwa miaka. Chipu, timu ya vijana wasiozidi miaka 20, ni mlango mwingine, na nyuma yake kuna viwanja vya shule ambako wengi wao waliushika mpira huo wa yai kwa mara ya kwanza.

Kuna sharti moja linalotangulia kipaji: uhalali wa kuichezea nchi. World Rugby, shirikisho la raga duniani, inataka mchezaji awe amezaliwa katika nchi hiyo, au mzazi wake, au babu au bibi yake awe amezaliwa huko. Asiye na damu hiyo anaweza kuhalalishwa na makazi: awe ameishi nchini humo miezi 60 mfululizo, kipimo kilichopandishwa kutoka 36, au miaka 10 kwa jumla. Ukishachezea timu ya wakubwa ya nchi moja, umejifunga nayo. Tangu 2022 mlango umefunguliwa kidogo: mchezaji aliyekaa miaka mitatu bila kuchezea nchi ya kwanza anaweza kuhama mara moja tu maishani, kwenda nchi aliyozaliwa yeye, mzazi wake, au babu au bibi yake. Olimpiki zinaongeza lao: lazima uwe raia. Kwa hiyo ukisikia Mkenya fulani anang'ara katika klabu ya ng'ambo, usikimbilie kulaumu kocha kwamba hamjui. Huenda karatasi ndizo hazijakaa sawa.

Sasa tuje kwenye mchujo wenyewe. Asubuhi moja nilimsindikiza mpwa wangu. Tulitoka Umoja kabla jua halijachomoza, matatu hadi mjini, kisha 111 mpaka uwanjani, nyasi bado zina umande. Koni zilikuwa zimepangwa mita 20, 40 na 60 kutoka mstari wa kuanzia. Unakimbia hadi ya kwanza na kurudi, ya pili na kurudi, ya tatu na kurudi. Hiyo ni raundi moja, mita 240. Zinapigwa raundi tano bila kupumzika, mita 1,200 kwa jumla. Jaribio hilo huitwa Bronco, na anayetaka kucheza kimataifa anatarajiwa kulimaliza chini ya dakika tano. Mtu akikimbia moja kwa moja umbali huo anaona ni jambo la kawaida. Kinachomuua mchezaji wa raga ni kule kusimama, kugeuka na kuanza tena, mara 29, huku ana mwili wa kilo mia moja. Raundi ya nne ndiyo inayosema kweli. Nilimwona kijana mmoja mwenye kifua kama mbuyu akigusa mstari kwa kiganja, akataka kuinuka, magoti yakakataa. Mwenzake aliyekuwa akiwania nafasi ileile alimpita, akageuka nyuma, akamwambia, "Twende, buda, imebaki moja." Akainuka.

Msaidizi wa kocha aliandika namba bila kusema neno. Nikadhani tayari nimeona nani atasafiri. Nilikuwa nimekosea. Bronco haimchagui mtu, inaonyesha tu nani hayuko tayari. Kuchagua ni hesabu nyingine, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila shabiki aijue.

Raga ya saba ina vipindi viwili vya dakika 7. Mtu akisikia dakika 14 anaona ni mchezo mfupi, lakini uwanja ni uleule wa wachezaji 15, na timu hucheza mechi mbili, pengine tatu, kwa siku moja. Uwanjani kuna mafowadi watatu, watu wa kugombania mpira, yaani propu wawili na huka, na mabeki wanne, watu wa kukimbia nao: skramhafu, flaihafu, senta na winga. Kikosi cha Olimpiki kina watu 12. Saba wanaanza, watano wanabaki benchi. Nafasi saba, wa benchi watano: tayari nafasi mbili hazina mtu wake wa kuziba. Ndiyo maana mchezaji anayeweza kuanza kama propu na kumalizia winga huwa na thamani ya jezi mbili. Mwenye kasi kuliko wote nchini, lakini anayejua nafasi moja tu, anaweza kubaki Nairobi ingawa hakuna anayemzidi kwa mbio.

Halafu kuna mkwaju wa kuanzisha. Katika raga ya 15, timu iliyofungwa ndiyo inayopiga mkwaju wa kuanza upya. Katika raga ya saba ni kinyume: aliyefunga ndiye anayepiga. Maana yake, ukiwa na mrukaji mrefu anayeudaka mpira hewani, unaweza kufunga, ukaupata tena, ukafunga tena, na wapinzani hawajaugusa. Usipokuwa naye, kila trai unayofunga, yaani bao la kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, unawapa wenzako mpira. Kocha anaweza basi kumwacha winga anayepigiwa makofi Jumamosi zote akambeba fowadi ambaye hata jina lake hulijui, kwa ajili ya kazi hiyo moja ya kuruka.

Wengi tunakumbuka Aprili 2016, Shujaa ilipoichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore na kutwaa taji lake la kwanza katika mfululizo wa dunia, yale mashindano ya raga ya saba yanayozunguka miji mbalimbali. Fiji hao hao walichukua dhahabu ya Olimpiki Rio miezi minne baadaye, kwa hiyo haikuwa timu iliyolala. Tunazikumbuka mbio za Collins Injera, ambaye mwezi uliofuata, London, akawa mfungaji bora wa trai wa wakati wote katika mfululizo huo. Anastahili. Lakini nahodha wa siku ile alikuwa Andrew Amonde, fowadi, mtu wa kazi za kugombania mpira, na kocha alikuwa marehemu Benjamin Ayimba, aliyetutoka 2021. Winga hukimbia na mpira ambao mtu mwingine ameupigania.

Kwa raga ya 15 hesabu ni tofauti lakini sababu ni ileile. Siku ya mechi ni wachezaji 23, na sheria inadai angalau sita kati yao wawe wamefundishwa kusukuma safu ya mbele ya skramu, pale mafowadi wa timu mbili wanapoinama na kusukumana, kwa usalama wa shingo zao. Hapo hakuna kubahatisha: senta hodari hawezi kusogezwa akawa propu. Kwa hiyo benchi la watu 8 linaanza na majina matatu yasiyoweza kuguswa. Kombe la Dunia linaruhusu kikosi cha 33. Wanaume wetu hawajawahi kulicheza, na tiketi ya Afrika ya kwenda Australia 2027 ilichukuliwa na Zimbabwe mjini Kampala mwaka 2025.

Mwenye kalamu ni kocha mkuu. Anasikiliza wasaidizi wake, mkufunzi wa mazoezi ya viungo, daktari na meneja, kisha chama kinapeleka majina. Daktari hasa. Goti likivimba Alhamisi, hakuna sifa ya mwaka jana inayoliponya Ijumaa. Kuna mambo mengine madogo yanayokata majina bila mtu kuyatangaza: pasipoti inayokaribia kuisha, viza iliyochelewa, mwajiri aliyekataa kutoa ruhusa. Wanaolipwa na klabu za ng'ambo wana kanuni yao. Klabu inalazimika kuwaachilia katika vipindi vilivyowekwa, kama Julai na Novemba, na nje ya hapo inaweza kukataa.

Sikatai kwamba makocha hukosea. Hukosea, na shabiki ana haki ya kusema. Ila lawama ya haki huanza na swali sahihi, yaani nafasi ile ilihitaji kazi gani, na nani mwingine angeifanya. "Huyu ni moto, mbona hayuko?" si swali la kikosi. Ni swali la mtu mmoja.

Na akiba je? Huyu ndiye ninayemhurumia kuliko wote. Katika Olimpiki, nje ya wale 12 kuna wachezaji wa akiba wanaosafiri na timu na kufanya mazoezi yote, kisha wanaingia orodhani endapo aliyemo ataumia. Mwingine anarudi nyumbani bila kukanyaga nyasi za mechi. Na ieleweke pia kwamba kofia, ile hesabu ya mechi za kimataifa ambayo mchezaji huihifadhi maisha yake yote, haihesabiwi kwa kutajwa. Inahesabiwa kwa kuingia uwanjani, hata kama ni dakika ya mwisho.

Mpwa wangu aliporudi nyumbani baada ya zile wiki tano, aliweka begi mlangoni akaniambia alichoambiwa: mbio anazo, lakini anapokea mpira wa juu kwa kifua badala ya mikono. Basi. Hakuna tusi, hakuna siri. Tangu hapo, jioni akitoka kazini, mdogo wake hurusha mpira juu ya nyaya za kuanikia nguo pale ploti, yeye anaruka. Amevunja ndoo mbili za mama Njeri.

Jumatatu iliyopita simu imelia tena. Dada yangu alikuwa anachambua sukuma. Hakunyanyua kichwa. "Ni ya mazoezi, ya muda, au ya mwisho?"

"Ya mazoezi, mama."

"Haya. Lala mapema." Akaweka mayai mawili kando, na kengele ya simu saa kumi alfajiri.