Uvimbe umetolewa, mbona bado vidonge? Maswali ya wagonjwa wa saratani ya matiti

Vidonge hivi vya tamoksifeni hufanya nini mwilini?

Saratani nyingi za matiti zina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Homoni ikikaa kwenye kipokezi, kiini cha seli hupata amri: gawanyika. Tamoksifeni hukiwahi hicho kiti, kama abiria aliyetangulia kupanda matatu ya Rongai jioni. Estrojeni ikifika haina pa kukaa, na amri haitoki.

Nimepasuliwa, nimemaliza kemo (dawa za kuua seli za saratani), uvimbe hakuna. Bado nimeze?

Ndiyo. Kila siku, kwa kawaida miaka 5, wengine hadi 10. Hapa kliniki Nairobi, mama ananihakikishia anameza vizuri. Nikimwomba afungue mkoba, natoa paketi ya miezi miwili nyuma, vidonge vyote vimo, karatasi haijatobolewa hata mahali pamoja. "Nilikuwa najisikia poa, daktari." Kujisikia poa si kipimo! Seli chache huweza kujificha kwenye mfupa au ini, zisionekane kwa picha wala kushikika kwa mkono. Ukiacha dawa, umeziachia kiti.

Na nikipumzika kidogo tu?

Usijipumzishe. Vidonge vikikuletea joto la ghafla likakunyima usingizi, tuambie. Yako mambo ya kufanya. Ukitaka mtoto, tuambie kabla, kwani wapo ambao daktari huwapangia kusitisha kwa muda. Kushika mimba huku unameza ni hatari kwa mtoto.

Jirani alipona kwa majani ya mstafeli. Niache vidonge nijaribu?

Hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi hadi nimechoka: hapana. Hakuna majani wala unga wa chupani uliothibitishwa kushika nafasi ya tamoksifeni. Anayekuuzia hatakuwepo saratani ikirudi.

Nameza pia dawa ya msongo wa mawazo. Kuna shida?

Huenda ikawepo. Ini ndilo huibadilisha tamoksifeni kuwa endoksifeni, yenye nguvu zaidi, na fluoksetini na paroksetini huzuia kazi hiyo. Usiache yoyote kwa uamuzi wako. Leta paketi zote tuzione, ubadilishiwe.

Mbona mwenzangu anadungwa trastuzumabu, mimi sidungwi?

Kipande cha uvimbe wake kilipimwa kikakutwa na HER2 nyingi, kipokezi kingine kilicho juu ya ngozi ya seli. Dawa hiyo hukishika kwa nje, ikazima ishara ya kukua, tena moyo wa mwenzako hupimwa mara kwa mara. Soma ripoti yako ya maabara. Saratani isiyo na vipokezi vya estrojeni haisaidiwi na tamoksifeni, kwa hiyo acheni kugawiana vidonge.

Nije lini bila kungoja tarehe?

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikukatika ghafla, au kifua kikiuma, nenda hospitali saa hiyo hiyo: huenda damu imeganda. Ukitokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi, hata doa dogo, njoo wiki hiyo hiyo. Usitie pedi ukanyamaza hadi tarehe ya kadi.