Hedhi isipokuja, ile damu huenda wapi?

"Musawo (daktari), miezi 5 sijaona siku zangu. Hiyo damu yote imejikusanya wapi?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki hapa Busia, upande wa Uganda, na anayeuliza mara nyingi ameshakunywa kitu. Mmoja amechemshiwa mizizi na shangazi, mwingine ameuziwa vidonge "vya kufungua" vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake. Swali hilo ni zuri, na ukilijua jibu lake utaelewa kwa nini hizo dawa za kufungua zinanitia hofu.

Damu haijajikusanya popote. Haijapanda kichwani, wala siyo inayokuumiza mgongo. Hedhi ni utando wa ndani ya kizazi unaobomoka na kutoka, na ili ubomoke ni lazima kwanza ujengwe. Amri ya kuujenga hutoka mbali. Ubongo huituma tezi ndogo iliyo chini yake, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Tezi huziamsha ovari, zinazotunza mayai ya uzazi. Ovari hutoa homoni, na homoni ndizo zinazojenga utando. Mimba isipotunga, homoni hushuka na utando hutoka. Amri ikikatika njiani, utando haujengwi, na kama haukujengwa hakuna cha kufungua. Kazi yangu ni kutafuta imekatika wapi.

Lakini kwanza tuhesabu. Mama mmoja muuza mukene (dagaa) aliniletea kalenda ya ukutani aliyoikunja mara nne, ina alama za mkaa. "Mwezi huu nimeona mara mbili," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka. Tukafuata alama kwa kidole: tarehe 2, kisha tarehe 30. Siku 28. Hakuwa na ugonjwa wowote. Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata, si kwa tarehe ya mwezi. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni sawa, na kupishana siku chache si tatizo. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni hata siku 45 zinaweza kupita. Ninachotaka uje nacho haraka ni hiki: ulikuwa unaona kila mwezi, sasa miezi 3 kimya, au siku zako zilikuwa za kuyumba tangu zamani, sasa imefika miezi 6, au binti amefika miaka 15 bila kuona hata mara moja.

Kipimo cha kwanza ni cha mimba, hata kama unaapa kwamba haiwezekani. Nimeikuta mimba kwa mama anayenyonyesha, na kwa mama wa miaka 46 aliyekuja akiamini amekoma hedhi. Hapa ndipo dawa za kufungua zinapoua. Mimba ikiwa imetunga kwenye mrija wa uzazi, nje ya kizazi, damu kidogo itatoka, utafikiri dawa imefanya kazi, kumbe mrija unaelekea kupasuka. Ukiwa umepitisha siku, kisha maumivu makali yakakushika chini ya tumbo, hasa upande mmoja, ukasikia kizunguzungu au bega linauma bila sababu, panda boda saa hiyo hiyo, uende hospitali, na usiende peke yako.

Kama huna mimba, nitauliza kuhusu uzazi wa mpango. Sindano ya miezi 3 hufanya utando uwe mwembamba, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya wanaoitumia hawaoni siku kabisa. Haiwadhuru kizazi. Ukiiacha, siku na uwezo wa kushika mimba vinaweza kuchelewa hata miezi 10 au zaidi. Wengi hukata tamaa kabla ya hapo. Vijiti vya mkononi navyo huleta damu ya matone isiyo na mpango.

Kukonda sana, njaa, mazoezi mazito na huzuni nzito huzima amri kule kule ubongoni. Naiona kwa akina mama waliokimbia vita Kongo: mwili unajua kwamba huu si wakati wa kubeba mtoto. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, siku huyumba. Ukiona maziwa yanatoka na huna mtoto wa kunyonyesha, niambie, na uniletee dawa zako zote, maana baadhi ya dawa za kichefuchefu na za magonjwa ya akili husababisha hilo. Usiziache mwenyewe.

Kuna hali moja ambayo utando hujengwa kweli na hautoki: ovari zenye vifuko vingi vidogo. Siku huja baada ya miezi miwili, mitatu, chunusi hazikomi, ndevu huota kidevuni, mara nyingi na uzito juu. Hapa hatukai kusubiri, kwa sababu utando unaonenepa mwaka baada ya mwaka unaweza kugeuka kuwa saratani. Tunatoa vidonge vya homoni, na tunapima sukari. Na yuko binti ambaye damu yake imezibwa kweli: hajawahi kuona, lakini kila mwezi tumbo linamkata kwa siku kadhaa. Njia ya uke imefunikwa na ngozi aliyozaliwa nayo. Upasuaji mdogo unamaliza jambo.

Ninayemfikiria sana ni mama aliyeletwa na dada yake. (Nimebadilisha mambo madogo asijulikane.) Alikuwa na miaka 2 bila hedhi, amechoka, anahisi baridi mchana wa jua kali, na nyumbani walisema amerogwa. Nilimuuliza alivyojifungua mara ya mwisho. Alitokwa damu nyingi mno, akazirai. "Na maziwa?" Dada yake akajibu: "Hayakutoka hata tone." Pale pale nikajua pa kutafuta. Tezi ile ya ubongoni hukua wakati wa mimba. Mama akimwaga damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi hiyo inakosa damu na sehemu yake hufa. Daktari Mwingereza Harold Sheehan aliieleza hali hii mwaka 1937. Dawa zake ni vidonge vya kila siku maisha yote, na homoni ya kusaidia mwili kuhimili ugonjwa hutangulia ile ya tezi ya shingo, kwani ukibadilisha mpango huo mgonjwa anaweza kuzidiwa. Leo mama huyu yuko sokoni tena.

Anza kwenye kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Cha daraja la III kinapima mimba, presha na wingi wa damu, na huduma hazilipiwi. Beba tarehe zako, hata za mkaa. Kama umekuja na mama mkwe, nitamwomba atusubiri kidogo kwenye benchi ya nje. Ndivyo ninavyowafanyia wote.