Aisha si "maisha", ingawa ni ndugu

Vitabu vya majina vya Marekani vimerudia miaka mingi kwamba Aisha ni neno la Kiswahili lenye maana ya "maisha". Sivyo. Ni jina la Kiarabu: mwanamke aliye hai, anayeishi. Waislamu hulipenda kwa heshima ya Bibi Aisha, mke wa Mtume Muhammad. Kwa Kiarabu huanza na ain, herufi ya kooni. Midomo yetu ya pwani imeilainisha, tukapata Asha, Esha, Mwanaisha.

Vina navyo visikuhadae. "Maisha" na "ishi" kweli ni ndugu zake, kwa shina la herufi tatu za Kiarabu: ain, ya, shin. Swala ya isha ina shina jingine, na "kwisha" ni Kibantu kitupu.