Beharry wa Grenada, Maktau na nishani zilizofungiwa kabatini

Nafundisha historia ya vita hapa Moshi, na kila ninapomfikia Johnson Beharry, askari wa Jeshi la Uingereza, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: huyu ni mzaliwa wa Grenada, kisiwa cha Karibi, imekuwaje Waingereza wakamvisha Victoria Cross, nishani yao ya ushujaa ya juu kuliko zote? Swali zuri, na jibu lake linatuleta hadi barabara yetu ya Taveta.

Beharry alizaliwa 1979, akahamia Uingereza 1999, akaingia jeshini 2001. Jeshi la Uingereza huandikisha raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, hivyo hapo hakuna maajabu. Alikuwa askari wa kawaida asiye na cheo, dereva wa Warrior, gari la deraya la minyororo linalobeba askari wa miguu.

Tarehe 1 Mei 2004, mjini Al Amarah, Iraq, gari lake lilinaswa kwenye shambulio la kuvizia. Roketi zilipiga mfululizo, kamanda wa platuni na mpiga mzinga wakajeruhiwa, redio ikafa. Tukae hapa kidogo. Dereva wa Warrior hukaa peke yake mbele, ubavuni mwa injini, mfuniko wa chuma ukiwa juu ya kichwa chake, na njia huiona kwa periskopu, yaani chombo cha vioo cha kuchungulia nje. Periskopu yake ikavunjwa. Ama asimame pale pale, na wote waliomo ndani waishie hapo, ama atoe kichwa nje. Alitoa kichwa. Aliendesha hivyo kwa takriban mita 1,500, risasi zikimjia, hana mawasiliano na yeyote, magari mengine yakimfuata. Risasi moja ilipenya kofia yake ikanasia ndani. Alipofika kituoni gari likiwaka moto, alipanda juu akamtoa kamanda, akarudi kumtoa mpiga mzinga, akarudi tena kwa waliokuwa nyuma. Adui bado anafyatua.

Tarehe 11 Juni, roketi nyingine ililipuka kama sentimita 15 kutoka kichwani pake. Damu ikimtiririka usoni, alilirudisha gari nyuma likatoka mtegoni mpaka likagonga ukuta, ndipo akapoteza fahamu. Aprili 2005 Malkia Elizabeth II alimvisha Victoria Cross.

Nishani hiyo iliyoanzishwa 1856 hutolewa kwa ushujaa mbele ya adui, na kuzaliwa ng'ambo hakumzuii askari kuipata. Ila haiji yenyewe. Lazima mkubwa wa kikosi aandike pendekezo, maelezo ya mashuhuda yakusanywe, faili lipande ngazi kwa ngazi hadi kwa mfalme au malkia. Asipopatikana wa kuandika, tendo hubaki midomoni mwa waliokuwepo, na wao wakifa nalo limekwisha. Nikisoma habari za Beharry namheshimu sana, na namshukuru pia yule aliyekaa chini akaandika.

Sasa vuka mpaka wa Holili uingie Kenya, pita Taveta, elekea Voi. Njiani kuna Maktau. Pale, tarehe 3 Septemba 1915, Waingereza wakipigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia, akipigana katika kikosi cha Kiingereza, alijeruhiwa mguu. Alikuwa tayari anabebwa kuondolewa, akasisitiza aachwe na majeruhi wasioweza kusogezwa, akitumaini kuwaokoa. Aliuawa, akapewa Victoria Cross akiwa marehemu, na kaburi lake liko Voi. Ushujaa wake siupunguzi hata chembe. Lakini katika maelezo rasmi ya nishani yake Mwafrika anatajwa mara moja tu, kama askari mweusi wa adui anayeua majeruhi.

Na waliokuwa upande wa Waingereza? Machi 1916 askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) walipanda vilima vya Latema na Reata, hapo jirani na Taveta, katika mapigano yaliyofungua njia ya kuingia Moshi. Kamanda wao, Luteni Kanali Graham, aliuawa usiku ule. Katika vita vile vyote hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyepata Victoria Cross. Waliosifiwa kwa ushujaa walipewa DCM (Distinguished Conduct Medal), nishani iliyo chini ya Victoria Cross, tena ya KAR peke yake, iliyotengwa na ile ya askari Wazungu. Naliona hilo kuwa dhuluma. Samuel Hodge, askari mweusi kutoka Tortola, kisiwa cha Karibi, alikuwa ameipata Victoria Cross kwa tendo la 1866 nchini Gambia, miaka 50 kabla ya Latema.

Kwa hiyo nina ombi kwa familia za Moshi, Rombo, Mwanga na Same zenye nishani ya babu au babu mkubwa kabatini. Nishani za fedha za vita vile nyingi zimechongwa namba na jina la askari kwenye ukingo. Zisogezeni kwenye mwanga wa dirisha mkasome ukingo, mzipige picha, ndipo mwandike kila mnachokumbuka kuhusu mwenyewe. Na tafadhali msizisugue kwa majivu wala mchanga ili zing'ae, maana herufi zile ni nyembamba na hufutika.